Mkwe Aliyetazamishwa Ukuta

Kondoo wa tatu alianza kuzunguka siku ya Jumanne, katikati ya mfungo wa mwezi wa nane, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya vilima vya Menz siku ya tisa bila kuinuka. Alikuwa jike jeusi, mnene, aliyekwisha kuzaa mara mbili. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni, akazunguka, akazunguka tena, bila pupa na bila kulia, mpaka majani yakalala chini yake yakafanya duara. Wenzake walisogea mbali. Kondoo hana akili nyingi, lakini hata wao walijua kwamba pale si pa kusimama.

"Anazunguka," Demisew alimwambia mama yake.

"Nimemwona."

"Kushoto tena."

"Nimesema nimemwona. Mkeo yuko wapi?"

"Ukutani."

Bogalech alikuwa ukutani kweli. Tangu kondoo wa pili, mama mkwe wake, Yetimwork, alikuwa ametoa amri: kundi likitoka asubuhi na likirudi jioni, bibi harusi asimame ndani, uso umeuelekea ukuta, macho yamefumbwa, mpaka kwato za mwisho zipite. Hakumpiga wala hakumtukana. Yetimwork alikuwa mama wa kanisa, mfungo haumpiti, na sauti yake haipandi. Alikuwa akisema tu, "Geuka, mwanangu," na huo upole ndio uliomchoma binti wa watu. Alisimama pale na harufu ya samadi iliyosiribwa ukutani puani mwake, akasikia kundi likipita, kisha akasikia kwato za yule mmoja asiyepita. Zilikuja, zikaenda, zikaja, zikaenda, nyuma ya mgongo wake, kwa mwendo uleule.

Mama yake Bogalech ni mfinyanzi. Huku kwetu chungu cha mfinyanzi tunakinunua, tunakipikia na tunakilia, kisha tunasema mwenyewe ana jicho. Akimtazama mtoto, mtoto anakauka. Akimtazama ng'ombe, maziwa yanageuka damu. Usiku anageuka fisi, asubuhi anageuka tena mfinyanzi na kuleta vyungu sokoni, nasi tunabishana naye bei. Demisew alimwona binti huyo hapo hapo penye vyungu, akatishia kwenda Addis Ababa kubeba zege kama hataozwa. Wakamwoza baada ya Pasaka kwa shingo upande. Mwezi wa saba kondoo wa kwanza akazunguka, na hesabu hiyo hata asiyejua kusoma aliifanya.

Shewarega, baba mtu, alimtazama yule jike jeusi kwa muda, mikono ndani ya shuka lake zito.

"Huyu ni wa tatu," alisema. "Kesho asubuhi binti arudi kwa mama yake. Baada ya Sikukuu ya Msalaba wazee watazungumza, ndoa ivunjwe kwa heshima."

"Baba, ni mke wangu."

"Una kondoo kumi na tisa na mke mmoja. Wakiisha hao, utamlisha nini huyo?"

Demisew alikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili. Kutoka ndani, sauti ya Bogalech ikasikika, kavu, ikizungumza na ukuta: "Baba, niende nimefumba macho hivihivi, au nitaruhusiwa kuyafumbua nikifika njiani?"

Shewarega alikwenda kunoa kisu.

Shewarega alimchinja yule jike asubuhi yake. Nyama wakati wa mfungo haiingii kinywani mwa Mkristo, kwa hiyo mwili ulikuwa wa mbwa. Kichwa kilikuwa kazi ya Yetimwork. Huku kwetu kichwa cha kondoo aliyezunguka hakizikwi. Mwanamke mkubwa wa nyumba hukibeba kwa mkono wa kushoto hadi mwisho wa shamba, hukipasua kwa jiwe ili kizunguzungu kipate pa kutokea, kisha humwachia mbwa, kwa maana mbwa ni kinywa kisichoweza kutaja jina la mtu. Njiani hasemi wala hageuki. Yetimwork alikuwa hodari sana wa kazi hiyo. Wajane na wanawake waoga walimwomba awabebee vya kwao pia, naye alikubali kwa ajili ya Mungu, miaka thelathini na zaidi.

Alishuka ukunguni, shayiri mbichi ikimlowesha nguo hadi magotini. Mebrek, mbwa wao mwekundu, alimfuata. Kisha akaja wa jirani, kisha wengine wawili, kisha wanne, wote kimya, kwa sababu mbwa wa kijiji kizima walimjua mama huyo. Alifika mpakani, akapiga magoti, akakiweka kichwa chini, akainua jiwe.

"Mama, usikipasue," sauti ilisema kutoka ukunguni. "Naomba hicho kichwa."

Jiwe lilibaki hewani. Yetimwork hakugeuka. Sauti inayoomba kichwa mahali kama pale haijibiwi.

"Mama, habari za asubuhi. Nasema naomba kichwa. Nitalipa."

Basi. Yetimwork alilitupa jiwe, akakikumbatia kichwa kifuani, akakimbia. Mama wa miaka hamsini na minane, asiyekimbia hata mvua, alipanda mteremko ule kama msichana, damu ikimchirizika kifuani, mbwa wanane nyuma yake, na nyuma ya mbwa buti za mpira zikikanyaga matope bila kuharakisha.

Tulikuwa tumeanza kukusanyika uani kwake kwa sababu ya ile habari ya mkwe. Tulimwona akitokeza anahema, halafu nyuma yake ukungu ukamtoa mwanamke mwembamba, koti limelowa, mkononi ndoo nyeupe yenye kifuniko.

"Naitwa Hirut," alisema. "Ni daktari wa mifugo, natoka kituo cha utafiti kule Debre Berhan. Nimesikia kondoo wenu wanazunguka. Nisameheni, nimemtisha mama."

Shewarega alimtazama yeye, akaitazama ndoo. "Daktari wa kondoo anataka kichwa cha nini? Mwili huo hapo."

"Ugonjwa wake uko kichwani, mzee wangu."

"Hilo tunalijua. Tunachouliza ni nani aliyeuweka."

"Basi tukifungue tuone."

"Shilingi ngapi?" Ndivyo ungeuliza wewe, Shewarega aliuliza birr ngapi, na alipogundua kwamba ameuliza bei ya kichwa mbele ya majirani, alikohoa na kusema kwamba alikuwa anatania.

Daktari alikaa kwenye kigogo, akakipokea kichwa kwa Yetimwork, akatoa msumeno mdogo kama wa kuchezea watoto, akakata mfupa polepole. Unga mweupe ulidondoka magotini mwake. Alipoinua kipande cha fuvu, wanawake wa mbele walirudi nyuma wakatukanyaga. Upande wa kushoto wa ubongo haukuwapo. Mahali pake palikaa kifuko cha ukubwa wa yai la kuku, utando mwembamba uliojaa maji safi, na ndani yake vidoa vyeupe vimekusanyika pamoja. Daktari alikitoa kwa kijiko. Kilitetemeka juu ya kijiko, mkono wake ukiwa umetulia kabisa.

"Lenyewe," alinong'ona Aselefech, jirani wa ukuta mmoja, akamfunika mwanawe. "Jicho lenyewe hilo. Linatutazama."

Tulipiga ishara ya msalaba, wote. Sina haya kusema kwamba lilitutazama.

"Si jicho," alisema daktari. "Ni mnyoo mchanga, mtoto wa tegu. Kila kidoa hapa ni kichwa chake kimoja. Kondoo alikula mayai yake majanini. Na kifuko kikubwa namna hii kimechukua miezi mitano au sita kukua. Huyu aliyala wakati wa Kwaresima."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Daktari, Kwaresima mimi nilikuwa kwa mama yangu nakanda udongo. Nilikuwa sijawahi kuiona nyumba hii hata kwa mbali."

Tulitazamana, na kwa muda mfupi binti yule alikuwa amepona. Halafu Aselefech akasema, "Jicho halina haja ya kutembea. Hata kutoka huko linafika."

"Ndiyo, linafika," tukasema.

Daktari alikiweka kifuko ndani ya chupa. Hakubishana. Aliuliza tu, akiwa bado ameinama: "Mayai hayo hutoka tumboni mwa mbwa. Na mbwa humpata mnyoo huyo akila kichwa kama hiki. Hapa kijijini nani huwapa mbwa vichwa?"

Hakuna aliyetaja jina. Hapakuwa na haja. Mwenyewe alikuwa amesimama pale na damu kifuani. Yetimwork alisema anakwenda kubadili nguo, akaingia ndani na kukaa huko.

Hata hivyo Bogalech aliondoka kesho yake, siku moja tu baada ya ile aliyopangiwa. Shewarega alisema neno limeshatoka kinywani, na mwanamume hali matapishi yake. Demisew alimbebea mkewe kifurushi mpaka kijito cha kwanza, akasimama.

"Nitakuja," alisema.

"Ukija peke yako usije. Njoo na mama yako."

"Mama? Aje kwa wafinyanzi?"

Bogalech alichukua kifurushi chake akavuka maji.

Daktari alikuwa ameomba afungiwe Mebrek kwenye kigingi nyuma ya nyumba, mbali na watu. Alimpa dawa ndani ya donge la unga, akasema atarudi kuona kitakachotoka. Asubuhi ile Yetimwork alikuwa peke yake nyumbani. Alimsikia mbwa akilia, akachukua fimbo, akazunguka kona.

Daktari alikuwa amechuchumaa pale pale, amevaa glovu. Mbele yake juu ya majani ulilala mkanda mweupe, bapa, wenye vipingili, mrefu kama mshipi wa mwanamke. Pembeni yake ulikuwapo wa pili, na wa tatu. Vipingili vya mwisho vilikuwa vimekatika, na kila kimoja kilikuwa kinajikunja na kujikunjua peke yake, kikitambaa kuyaelekea majani marefu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa Menz hatusemi mbele ya wageni. Sisi tunapenda nyama mbichi. Mfungo ukiisha tunaila kwa furaha, na kila baada ya miezi miwili tunakunywa koso, dawa ile chungu ya maua mekundu, tunashinda na njaa, tunakwenda nyuma ya nyumba, na baadaye tunageuka kuangalia kilichotoka. Mkanda ule kila mmoja wetu anaujua.

"Huu," alisema Yetimwork, fimbo ikimshuka. "Huu mimi mwenyewe nimeutoa. Mara nyingi."

"Wako, mama, ni ndugu yake. Wako haumdhuru kondoo. Huu ndio unaoingia kichwani."

"Kwa nini uingie kichwani? Mwili wote ule, miguu, tumbo. Kwa nini kichwani?"

Daktari alifikiri. "Kondoo anayezunguka hawezi kukimbia wala kufuata wenzake. Anakamatwa. Au anachinjwa. Mbwa anapata kichwa, na mnyoo anarudi tumboni mwa mbwa, ndiko kwao. Mnyoo humzungusha kondoo ili yeye mwenyewe apelekwe kwa mbwa."

"Apelekwe na nani?"

Daktari aliokota kipingili kimoja akakitia chupani.

Yetimwork alikaa chini kwenye majani mabichi, karibu mno na vile vipingili. Alisema kwa sauti yake ileile isiyopanda: "Mkono wa kushoto. Nisigeuke, nisiseme. Na jiwe la kupasulia, kwa maana mbwa peke yake asingeuweza mfupa." Akaiweka fimbo chini. "Mimi nilidhani ninamtii Mungu na mama yangu. Binti yangu, nani alikuwa ananituma?"

Alijaribu kukumbuka vichwa alivyobeba, vya kwake na vya wajane, akafika arobaini na kitu, akaacha. Hofu aliyoipata hapo haikuwa ile ya ukunguni. Ilikuwa hofu ya kuitazama mikono yake mwenyewe.

"Kuanzia sasa vichwa vichomwe moto, au vizikwe shimo refu," alisema daktari. "Mbwa wote nitawapa dawa. Lakini mama, niseme ukweli: wengine watazunguka bado. Waliokwisha kula wamekula. Msije mkashtuka."

Huku kwetu mkosaji hubeba jiwe shingoni na kwenda kuinama mlangoni kwa aliyemkosea, mpaka atuliwe. Yetimwork alichagua jiwe uani mwake, jeusi, la kutosha.

"Wewe?" Shewarega alisema. "Mke wangu, na jiwe, kwa wafinyanzi?"

"Ulitaka nibebe boga?"

Mama yake Bogalech, Ayelech, alikuwa amekaa nje akizungusha chungu magotini. Alimwona mgeni akija ameinama kuanzia mbali, akaendelea na kazi. Mama wa kondoo kumi na wanane aliinama mbele ya mwanamke mwenye udongo hadi viwikoni, pumzi zikimkatika.

"Jiwe zuri," alisema Ayelech baadaye. "Jiko langu lina upungufu wa moja kama hilo."

"Nimekosa," alisema Yetimwork. "Nimemkosea mwanao. Ni mimi niliyekuwa nawalisha mbwa. Kondoo wanaugua kwa mkono wangu."

Bogalech alitoka. Alimtazama mama mkwe wake kwa macho yaliyo wazi, kwa muda mrefu, kama mtu anayejilipa. Kisha akalishika jiwe kwa mikono miwili akalitua chini.

"Mungu akusamehe, mama. Mimi nimekusamehe. Lakini kurudi ni jambo lingine."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Mimi uliniweka ukutani na kijiji kikajua. Jiwe hili umelibeba ukunguni, hakuna aliyeliona. Hayo uliyomwambia mama yangu, kayaseme kanisani."

Yetimwork alipangusa shingo. Ilikuwa imechubuka. "Mbele ya wote?" aliuliza.

"Wote waliosikia lile neno la kwanza."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa tumekaa uani kwa kanisa la Mikaeli Mtakatifu na mikate yetu na pombe ya shayiri. Yetimwork alisimama. Alisema yote: mpaka wa shamba, jiwe, mbwa, mkanda. Aliwataja hata wajane aliowabebea, nao wakainamisha vichwa. "Mkwe wangu hana jicho," alisema. "Mnyoo ulitoka mkononi mwangu." Demisew alilia waziwazi, ikawa mara ya kwanza tangu harusi kumwona akifanya jambo bila kusukumwa. Jioni ile Bogalech alirudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia ageuke.

Ingekuwa vizuri kama ningeishia hapo.

Ukungu uliinuka. Maua ya njano ya Sikukuu ya Msalaba yalifunika vilima, jua likawa kali na hewa safi hata ukaweza kumwona mtu kutoka bonde la pili. Katika mwanga huo wote kondoo wa Aselefech akainamisha kichwa kushoto akaanza kuzunguka. Wiki hiyohiyo akazunguka wa mjane mmoja. Daktari alikuwa ametuambia, na sote tulikumbuka kwamba ametuambia.

"Alikiri mwenyewe," alisema Aselefech kisimani. "Mbele ya tabaoti takatifu la kanisa, kwa kinywa chake. Mnyoo ulitoka mkononi mwangu. Mlimsikia au hamkumsikia?"

"Tulimsikia."

"Na mbwa? Wamepewa dawa, hawapati kichwa hata kimoja. Mbona bado wanamfuata?"

Walimfuata kweli. Alipokwenda kisimani walikuwa nyuma yake, saba, wanane, kimya, wakiitazama mikono yake mitupu. Aliwafukuza kwa mawe, wakarudi. Siagi yake ikakaa sokoni bila kuguswa. Watu wakaacha kupokea shayiri ya kukaanga kutoka kiganjani mwake. Siku moja alipita mlangoni kwangu akanisalimia. Nilikuwa najua habari yote ya mnyoo, nimeshika hata chupa ya daktari kwa mkono huu. Na mkono huu huu ulimvuta mjukuu wangu ukamfunika shuka usoni kabla sijafikiri. Yetimwork aliona. Nilijisikia vibaya, lakini shuka sikulitoa.

Akaacha kutoka. Jumapili mbili kiti chake kanisani kilikuwa kitupu. Jumapili ya tatu Bogalech alimletea shuka lake jeupe.

"Twende, mama."

"Nenda wewe. Wewe sasa wanakusalimia."

"Wananisalimia kwa sababu wamepata mwingine. Vaa."

Walitoka pamoja juani. Mbwa waliinuka kivulini, wakajipanga nyuma. Watu waliokuwa mbele waliharakisha, wa nyuma wakapunguza mwendo, na njia ikawa tupu kila upande. Yetimwork alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Usitazame chini," alisema Bogalech. "Ukitazama chini wanasema unatafuta pa kufukia kitu."

"Nitazame wapi basi? Nikiwatazama watasema nawatazama."

"Kwenye paji la uso. Hapa, juu ya nyusi. Usiteremke machoni. Mtoto usimtazame kabisa, hata akicheka. Na ukisalimia, asipoitikia, usirudie. Ukirudia wanajua imekuuma."

Yetimwork alitembea hatua kadhaa. "Haya ulifundishwa lini?"

"Nilikuwa na miaka mitano."

Mama mkwe alimshika mkono. Kwenye kona ya ukuta wa kanisa Aselefech alikuwa anakuja, mtoto mgongoni, na njia pale ni nyembamba, hakuna pa kupishana bila kuonana. Bogalech aliuachia mkono wa mama mkwe wake. Yetimwork akainua uso, akamtazama jirani yake juu ya nyusi, akamsalimia.

Hakurudia.